Mbegu za Kaburini kwa Bibi Mwanaidi

Naomba msicheke kabla sijamaliza. Mimi huotesha nyasi za asili za mapambo, na hoteli za hapa Lushoto hununua miche yangu. Nyasi nzuri kuliko zote niliziona juu ya kaburi la jirani yetu, Bibi Mwanaidi. Huku kwetu kitu cha kaburini hakichumwi. Asubuhi ya hitma yake ya kutimiza mwaka, ukungu ukiwa mzito, nilizichuma mbegu zake, nikazifutika kiunoni ndani ya sweta, nikaenda moja kwa moja kwenye hitma.

Tulikaa mkekani, wanawake peke yetu. Dua ilipoanza, kitu kikaanza kunitembea mgongoni. Kilipanda taratibu, kikatulia, kikapanda tena, kama ukucha wa mtu mzima. Bibi alikuwa na kawaida ya kunipapasa hapo hapo kila nilipomwamkia.

Mbegu zile zina mkia mrefu unaojisokota ukipata unyevu. Ndivyo zinavyotembea na kujichimbia ardhini. Hayo huwaeleza wateja kila siku. Siku hiyo sikukumbuka hata moja.

Kilipofika shingoni, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Bibi. Nisamehe. Nitazirudisha leo hii."

Dua ikakatika. Mama Zaina, binti wa marehemu, akaingiza mkono kwenye kola yangu, akatoa mbegu moja. Akailaza kiganjani. Ilikuwa bado inajizungusha, polepole.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba ya mama yake. "Utarudisha nini, mwanangu?"