Chungu cha Kithailandi na Wakwe kutoka Busawe

Mjomba wangu ndiye aliyechagua mahali. Miaka ile ya dhahabu alikuwa amebahatika kupata mwamba mzuri, na tangu siku hiyo aliacha kabisa kufanya mambo kama watu wengine. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya kanisa. Alivaa suti kwenda kunyoa nywele. Kwa hiyo mama yangu aliposema amechagua mbuzi wa kuwachinjia wakwe zangu, mjomba alimtazama kwa huruma.

"Mbuzi kila mtu anaye," alisema. "Hawa tutawapeleka kwa Mthai."

Mambo ya mahari yalikuwa yameshamalizwa. Ilibaki siku moja tu ya pande mbili kula pamoja, baba na mama wa mchumba wangu watoke Busawe, sisi tuwapokee Tarime, tushibe, tuagane vizuri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mwenye mwamba.

Mthai mwenyewe hakuwa Mthai. Alikuwa mama wa upande wa pili wa mpaka, mbele kidogo ya Sirari, aliyefanya kazi miaka mingi katika jiko la hoteli ya Wathailandi kule Nairobi. Dhahabu ilipoanza kuvuta watu, kila mtu alikuja na alichokijua. Alikuja fundi wa kung'oa meno, akaja mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ndege, na yeye akaja na vyungu. Aliweka meza sita kando ya barabara iendayo Nyamongo, chini ya mbingu tupu. Kila meza ilikuwa na tundu katikati, ndani yake jiko la mkaa, na juu ya jiko chungu cha supu ya mchaichai. Nyuma ya meza alikuwa anachimbisha choo, na mawe yaliyotoka shimoni aliyaweka juu ya meza, yakandamize vitambaa vya plastiki upepo usivichukue.

Wageni walifika saa sita mchana, baba mkwe akiwa na koti zito, mama mkwe akiwa na kitenge kipya. Nilimwamkia mzee shikamoo huku nimeinama, nikamwamkia mama mkwe kwa mbali nikitazama chini, maana kwetu mkwe wa kiume hakai meza moja na mama mkwe wala hamtazami akila. Mama yangu alikuwa amebaki nyumbani na mbuzi wake, kwa hiyo shangazi yangu ndiye aliyemchukua mama mkwe wakakaa meza ya nyuma yetu. Sisi wanaume watatu tukakaa ya mbele.

Mama mwenye vyungu alileta sahani moja kubwa. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, maini mabichi, kabichi, tambi, na juu ya nyama yai bichi limevunjwa. Baba mkwe alilitazama lile yai muda mrefu.

"Nani amelivunja?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee," mama mwenye vyungu alisema.

"Pole."

Akamsubiri aondoe sahani akaipike. Mama hakuondoka, wala sahani haikuondoka.

"Mama, wapishi wako wamekwenda wapi?"

"Wapishi si ni nyinyi, mzee. Hapa kila mtu anajipikia."

Baba mkwe alinigeukia mimi, kisha mjomba. "Tumetoka Busawe alfajiri," alisema taratibu, "tuje kupika?"

Mjomba alicheka kicheko kikubwa cha mtu asiyejua, akamwita baba kwa lugha yetu. "Ndivyo Wathai wanavyomheshimu mgeni, tata!"

Baada ya hapo hakuna aliyefanya kitu. Baba mkwe hakuweza kugusa chungu, maana mzee wa rika lake hapiki, tena mbele za watu. Mjomba hakuweza kwa sababu ya suti. Mimi sikuweza, kwa kuwa bwana harusi anayemkorogea baba mkwe supu atasimuliwa mpaka wajukuu zake. Kuwaita wanawake haikuwezekana pia, kwani mama mkwe angelazimika kuja kwenye meza yetu. Tukakaa. Supu ikachemka. Ikapungua, mama akaja kuongeza nyingine. Ikapungua tena, akaongeza tena, akitutazama kama watu wenye msiba.

Tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza habari za ng'ombe. Baba mkwe alipewa vijiti viwili vya kulia, akashukuru, kimoja akachokonolea meno na kingine akakitia mfukoni. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanakula. Tulisikia chungu chao kikikorogwa, tulisikia shangazi akisema "Mmh!" na mama mkwe akijibu "Mmh!", na mimi nikiwa nimekaza shingo nisigeuke. Tumbo langu lilinguruma. La baba mkwe likaitikia. Tukajifanya hatujasikia.

Kwenye meza ya jirani alikuwa amekaa mchimbaji mmoja, mtu mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa anasubiri chakula chake, akachukua jiwe lililokuwa juu ya meza, akaligeuza juani. Akalitemea mate, akalisugua. Kisha akalilamba.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini sana, "haya mawe umeyatoa wapi?"

"Shimo la choo."

Yule mtu alilitia jiwe mfukoni. Alisimama, akatembea hatua tatu kwa adabu, halafu akatimua mbio kuelekea nyuma. Wateja wote waliona. Ndani ya dakika moja meza zilibaki tupu. Mjomba alikuwa wa kwanza baada ya mchimbaji. "Nakuja sasa hivi," alituambia, akavuta suruali juu ya magoti, na mara ya mwisho kumwona alikuwa anazama shimoni na miwani yake. Mama mwenye vyungu alikimbia akipiga kelele, "Hiyo ni choo yangu! Hiyo ni choo yangu, jameni!" Shangazi na mama mkwe wakaenda kutazama wakiwa wamebeba bakuli zao.

Tukabaki wawili na chungu. Watu walikuwa wameyachukua mawe yote, vitambaa vya plastiki vikapeperuka vikaenda zao barabarani.

Baba mkwe aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Mwalimu, kuna mtu anatuona?"

"Hakuna, tata."

Akakunja mikono ya koti, akainua sahani na kumimina kila kitu chunguni kwa mpigo mmoja, nyama, kabichi, tambi na yai. Akapunguza mkaa kwa kidole, bila kuungua. Akaonja, akaagiza chumvi. Nilimpa kichupa cha mchuzi wa samaki kilichokuwa mezani, akakinusa, akakiweka chini ya kiti.

"Nilichunga ng'ombe mbali miezi na miezi kabla sijaoa," alisema akikoroga. "Ulifikiri nani alikuwa ananipikia? Fisi?"

Sijawahi kula supu tamu kama ile. Alinipakulia yeye, kwa mkono wake, akanichagulia maini. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na sikukumbuka mwanaume mzima kuniwekea chakula mbele yangu.

"Kuna jambo," alisema baada ya bakuli la pili. "Huyu binti yangu hajui kupika. Uliambiwa?"

"Sikuambiwa, tata."

"Mama yake alificha. Wewe unaweza?"

"Kidogo."

"Basi mtaishi," alisema, akaniongezea tambi.

Tuliposikia sauti za watu zikirudi, aliangusha upawa mbele yangu, akajiegemeza, akaingiza mikono mfukoni. Mama mkwe alisimama akitazama chungu kilichobaki mifupa ya mchaichai.

"Nani amepika?"

"Mwalimu," alisema baba mkwe.

Wote walinitazama. Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Mjomba alitoka shimoni amebadilika rangi, kakumbatia jiwe kama mtoto mchanga. Lilipopondwa na kuoshwa halikuwa na kitu, wala mengine hayakuwa na kitu, lakini watu walichimba siku nne kabla ya kukubali. Kufikia hapo shimo lilikuwa limemeza meza mbili. Yule mama alihamia Mugumu, akaanza kuuza chapati na maharage, chakula ambacho mteja anakikuta kimeiva.

Mimi nilioa, na ni kweli, hajui kupika. Sifa zangu zilifika Busawe kabla yangu. Wanaume wa huko walinionea huruma kwa mwaka mzima, kisha wakaniheshimu kwa namna ambayo sikuitarajia. Mpaka leo kukiwa na harusi huko, naitwa kuonja supu ya wazee. Baba mkwe hukaa pembeni na koti lake, anatazama kwingine. Naonja, natikisa kichwa, nasema bado chumvi.