Siku Nilipotoa Viti vya Bibi Nje

Kwetu Tanga mtu akifa, kwanza viti vinatoka nje. Makochi, meza, vyote barazani. Ndani inatandikwa mikeka, watu wanakaa chini na mfiwa. Hakuna anayekufundisha. Msiba ukikukuta, mikono inajua yenyewe.

Mimi nilikuwa namtunza bibi wa Kizungu katika mji mdogo kando ya mto Anacostia, karibu kabisa na Washington. Nyumba yake ya matofali ilijengwa na babu wa mababu zake, mfanyabiashara wa enzi ambazo mji ule ulikuwa bandari. "Waliuza tumbaku," aliniambia siku ya kwanza, "na waliuza watu. Nisikufiche." Kisha akaomba chai. Alikuwa mbishi, hataki kuoga, na mie sina subira, basi tuligombana kutwa kama wake wenza. Nilimpenda mno.

Mama yangu alipofariki sikuweza kusafiri, makaratasi yangu yalikuwa bado. Nikalia jikoni. Bibi akauliza kwetu tungefanyaje, nikamweleza.

"Basi toa viti," akasema.

Viti vile jamani! Vya mfanyabiashara mwenyewe, miguu imechongwa, hata kuvifuta vumbi naogopa. Wenzangu wakaja kutoka Laurel na Gaithersburg, Watanzania na Wakenya, na chai na mandazi, tukavitoa, tukaketi. Bibi naye akang'ang'ania mkeka. Kumwinua sasa ndiyo ikawa kazi! Wawili wakamshika makwapa, mmoja kiuno, anacheka, na mimi mfiwa nikacheka.

Wageni walipoondoka akanishika mkono. "Nikifa unifanyie hivihivi. Mimi sina mtu wa kunikalia chini."

"Wee Bibi, koma!" nikamwambia. Halafu nikamwahidi.

Alikufa asubuhi, mkono wake ndani ya wangu. Gari la maiti lilipomchukua nikampigia simu mpwa wake, nikawapigia wenzangu waje wakitoka kazini, nikaanza kutoa viti. Navuta huku nalia. Nikatandika mikeka, nikabandika sufuria kubwa la chai. Lilikuwa linachemka mpwa alipofika.

Akasimama barazani akivitazama viti.

"Pole sana kwa msiba, kaka," nikamwambia.

"Unavipeleka wapi?"

Ala! Kumbe ameniona mwizi. Nikamweleza mila, ahadi, mikeka, nikaeleza mpaka Kiingereza kikaniishia. Hakunifokea, nisimsingizie. Alisema tu kwamba vile ni vitu vya historia, nyumba itakuwa makumbusho, na shangazi yake atachomwa bila shughuli yoyote. Akaniomba nivirudishe ndani, kisha nimpe funguo.

Nikavirudisha. Chai nikaimwaga kwenye sinki, nikawapigia wenzangu wasije. Hakuna aliyenipa pole. Wanasema kifo cha wengi harusi. Cha Bibi kilikuwa na mfiwa mmoja, naye alitolewa nje pamoja na mikeka yake.

Mwaka huu nyumba imefunguliwa kwa wageni. Nikaenda Jumamosi, nikaingia kwenye msafara kama mtu asiyeijua. Viti vimezungushiwa kamba. Msichana anayetembeza wageni alisimulia tumbaku, meli, matofali, na watumwa pia aliwataja, namshukuru. Bibi hakumtaja. Roho iliniuma, maana tulikuwa tumesimama pale pale alipokuwa akinigombeza kwamba chai yangu haina sukari.

Wageni wengine walipopita chumba cha pili nilibaki nyuma. Nikavua viatu, nikaketi sakafuni. Sikuomba wala sikuimba. Nilikaa tu, machozi yakaanza yenyewe.

Msichana akarudi kunitafuta. "Mama, hapa haturuhusu watu kukaa," akasema kwa upole. Kisha akaniona uso. "Kuna mtu wa nyumba hii ulimfahamu?"

Nilitaka kumwambia yote. Kinywa kikasema, "Nilikuwa nafanya kazi hapa."

Akaninyooshea mkono niinuke. Nikaushika, lakini sikuinuka. "Ngoja mwanangu," nikamwambia kwa Kiswahili, "sijamaliza kumkalia." Hakuelewa hata neno moja, ila mkono hakuuondoa.