Fungu Dogo la Mezani

Kule kijijini kwetu Lubarika, mama alipochambua maharagi, fungu dogo lilikuwa mawe na yaliyooza. Miye ndiye niliyelitupa.

Sasa nimezeeka, nafagia ofisi moja mjini, mtaa wa Kimanga. Dokta Neema alikuwa anachagua ripoti za utafiti, zile ambamo wagonjwa wa kolera wanajisemea wenyewe. Akitoka akaniambia: «Papa, zile nilizokataa uzichome.» Mezani kulikuwa mafungu mawili. Miye, fundi wa maharagi, nikachoma dogo.

Aliporudi akashika kichwa. «Ee papa! Hizo ndizo nilizochagua! Moja haina kopi, iko na maneno ya marehemu mke wako. Nilitaka kukusomea leo.»

Jivu lilikuwa bado na moto. Nikaegemeza ufagio mlangoni, nikaondoka. Sijarudi.