Kifungu Ambacho Mimi Tu Nilikielewa

Kaka yangu alipiga simu Jumatatu asubuhi nikiwa natembea kwenda kazini, akaniambia baba atapasuliwa Ijumaa. "Anauliza kama utakuja," akasema. "Kuja, lakini hii mara ukuje bila hiyo kazi yako." Nilimjibu kwamba nitaona. Akakata simu.

Alikuwa na haki ya kukata. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, kule Magharibi, nilikaa siku tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa nimesimama kando ya ua, simu sikioni, nikimwelekeza mtu aliye Kibera afungue hiki na abonyeze kile. Baba alinisindikiza mpaka barabarani siku ya kuondoka, tukapeana mkono, na ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa tumezungumza jambo lolote la maana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiahidi kurudi. Begi langu lilikaa limefungwa karibu na mlango wa chumba changu Kawangware, upande wa Satellite, kwa wiki mbili nzima, na kila nilipotaka kulibeba kulikuwa na sababu ya kutolibeba.

Sababu ilikuwa moja tu, nayo niliiandika mwenyewe. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na wakati huo nilikuwa naifanyia kazi kliniki ndogo ya akina mama pale Kianda, ndani ya Kibera. Kila asubuhi programu yangu iliangalia orodha ya akina mama waliojifungua karibuni, ikamchagulia kila mmoja mhudumu wa afya wa mtaa atakayemtembelea nyumbani. Wahudumu walikuwa tisa, kila mmoja na eneo lake. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya nusu saa.

Shida ni kwamba huku nyumba hazina namba. Mama akiulizwa anaishi wapi anakwambia: shuka na reli, pita choo cha kulipa, ukifika kwa muuza omena, wale dagaa, ingia kushoto. Na zaidi ya hapo kuna alama zisizokuwepo tena. Mashimoni, kijiji kingine humo humo Kibera, kulikuwa na kanisa la mabati ambalo lilihama, likaenda kusimamishwa Kianda. Wakazi wa zamani bado wanasema "pale kanisa ilikuwa." Wageni hawajui kwamba kuliwahi kuwa na kanisa, wao husema "kwa kinyozi." Mwingine akisema "karibu na kanisa" hujui ni lile lililohama au mahali lilipohama. Kwa hiyo niliiandikia programu iulize: kama amesema kanisa, na kama yuko Mashimoni, na kama alihamia kabla kanisa halijaondoka, basi mpeleke kwa mhudumu fulani, la sivyo angalia kama ametaja kinyozi. Kila mwezi kitu kilihama, nami nikaongeza "kama" nyingine ndani ya "kama" iliyotangulia. Baada ya miaka miwili kifungu hicho kimoja cha programu kilikuwa na mistari mia tatu na ushee, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kukigusa bila kukiharibu. Kibanda cha omena kikihama, lazima nipigiwe simu.

Nilikuwa nalalamika sana kuhusu simu hizo. Sasa naweza kusema ukweli: nilizipenda.

Mwenzangu ofisini pale kliniki alikuwa binti wa Kitui, aliyeajiriwa mwezi huo ili tusaidiane. Jumatatu hiyo nilipoingia nikitokwa na jasho, alikuwa ameshafungua kompyuta yake.

"Niaje boss. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamwambia habari za baba.

"Sasa si uende? Mimi niko."

"Utaweza kile kifungu?"

Aligeuza kompyuta nione. Alikuwa ameipitisha kazi yangu yote kwenye programu ndogo ya kupimia. Hesabu yake si ngumu: unahesabu kila mahali ambapo programu inalazimika kuchagua njia, kisha mwishoni unaongeza moja. Watu wengi wa kazi hii hukubaliana kwamba kifungu kikizidi kumi ni vizuri mtu ajiulize anafanya nini. Vifungu vyangu vingi vilipata tatu, nne, saba. Kile kimoja kilipata arobaini na saba, kwa rangi nyekundu.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba hiyo namba haijui Kibera, kwamba ugumu uko mtaani wala hauko kwenye maandishi yangu, na kwamba mtu aliyetoka shule juzi asinifundishe. Alingoja nimalize. Kisha akapiga chapa kile kifungu, akabandika kurasa kwa selotepu moja chini ya nyingine ukutani. Zilianzia juu ya kichwa chake, zikafika sakafuni, na tatu za mwisho zikalala chini.

"Mimi nitasoma kwa sauti," akasema. "Wewe usiongee. Ukifungua mdomo kunieleza, naweka alama na biro. Hivyo ndio tulifunzwa."

Nikacheka. Niliona ni mchezo wa watoto. Akaanza kusoma, na kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza nilikuwa nimesema "hapo maana yake ni..." Alama. "Hiyo usijali, ni ya zamani." Alama. "Hapana, hiyo inaingia tu kama ile ya juu imekataa." Alama. Nilijiuma ulimi, nikakaa juu ya mikono yangu, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Alipofika kwenye alama ya kumi na tisa akaweka biro mezani.

"Boss, hapa mimi nimepotea. Na si mimi mjinga."

Hakuwa mjinga. Nilijua hivyo, na ndiyo maana iliniuma.

Siku hiyo hatukufanya kitu kingine. Kwanza tulichukua akina mama sitini wa miezi iliyopita, ambao tuliamini programu iliwapa mhudumu sahihi, tukawaweka kando. Kila tukibadilisha mstari, tuliwapitisha wote sitini. Hata mmoja akitokea kwa mhudumu mwingine, tulirudisha mstari ulivyokuwa. Kisha tukaanza kuchambua. Wale wasiohusika na Mashimoni tuliwaondoa mwanzoni kabisa, badala ya kuwaburuta mpaka chini. Habari ya kanisa tuliitoa, tukaipa kifungu chake na jina linalosema inafanya nini. Nilikuta mahali pawili nilipouliza swali lile lile kwa maneno tofauti, na mahali pamoja ambapo jibu lingekuwa sawa hata mama angejibu nini. Nilikuwa nimeapa kwamba kila "kama" ilikuwa na sababu yake. Kufikia saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeshuka mpaka ishirini na nane.

"Bado ni mob, nyingi sana," akasema.

"Najua."

Nilitembea kurudi Kawangware nikiwa nimechoka lakini siwezi kutulia. Nilijikuta nahesabu njia panda barabarani: hapa naweza kwenda kulia, hapa naweza kukata kwa uchochoro, hapa naweza kungoja boda au nisingoje. Nilifika nyumbani nikiwa nimepita duka la maziwa bila kununua maziwa. Nilimpigia kaka nikamwambia nitajaribu Jumatano. Akasema, "Jaribu," basi.

Jumanne asubuhi tulibandika karatasi upya. Zilikuwa zimepungua lakini bado zilifika magotini. Mwenzangu alikuwa anasoma, nami niko kwenye alama ya nane, mmoja wa wahudumu wetu alipoingia kuchukua orodha yake. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Mashimoni tangu ujana wake, na anatembea haraka kuliko sisi wote. Aliketi kwenye benchi, mkoba magotini, akasikiliza yale maswali yote ya kanisa na kinyozi na mwaka wa kuhamia. Halafu akaanza kucheka.

"Mwanangu, hii yote ni ya nini?"

"Ni kujua nani ako area ya nani, mama," mwenzangu akamjibu.

"Lakini sisi hatuulizangi hivyo."

"Mnaulizanga aje?"

"Si tunauliza tu wewe unachota maji wapi."

Nilimtazama. Alinielezea kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni, na kusema kweli nilistahili. Wahudumu walipogawana mtaa zamani, waligawana kwa vibanda vya maji. Wanaochota kwa fulani ni wa huyu, wanaochota pale karibu na reli ni wa yule. Wenye mfereji wa bomba ndani ya ploti zao za kupanga, wengi wao upande wa Kianda, wanajulikana kwa jina la ploti. Kanisa linaweza kuhama, kinyozi anaweza kufunga, lakini hakuna mama mwenye mtoto mchanga asiyejua anachota maji wapi.

"Na maji ikipotea, akienda kuchota mbali?" nikauliza. Nilikuwa natafuta kosa, sina la kuficha.

"Bado anakwambia ile yake ya kawaida. Ukimuuliza anachota wapi, hataji ya shida."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza, mwanangu. Ulikuja na fomu yako."

Miaka miwili. Miaka miwili nilikuwa nimekaa kwenye ile meza nikijiona mtaalamu wa Mashimoni, na mtu aliyejua jibu alikuwa anapita mbele yangu kila asubuhi kuchukua karatasi. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira, na sikujua hasira hiyo niielekeze kwa nani isipokuwa mimi.

Mchana ule wahudumu wote tisa walikuja. Walikaa na orodha ya akina mama, wakaandika mbele ya kila jina mahali anapochota maji. Walibishana kuhusu majina matatu, wakakubaliana, wakanywa chai, wakaondoka. Sisi tuliandika jedwali moja: kibanda cha maji au ploti upande huu, mhudumu upande ule. Kifungu kikabaki kuuliza kama mama ana mfereji ndani, kama kibanda chake kiko kwenye jedwali, na kama hakipo kimwambie mtu wa mapokezi aulize mhudumu. Tulipitisha wale sitini. Watu hamsini na tisa walitokea sawa. Wa sitini alitofautiana kwa sababu uamuzi wangu wa zamani ulikosea, na mhudumu wakati ule alijirekebishia mwenyewe bila kutuambia; tukamsahihisha kwenye orodha. Kipimo kikasema nne.

Jumatano asubuhi mwenzangu alisoma mara ya mwisho. Haikuhitaji selotepu, ilikuwa karatasi moja na nafasi chini. Nilikaa kimya. Nilifungua mdomo mara moja tu, kwenye jina la kitu, naye akabadilisha jina badala ya kuniacha nieleze. Kisha akanitazama.

"Enda, boss. Hapa tuko sawa."

Nikaenda.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa kando ya kitanda cha baba katika hospitali ya kaunti. Alikuwa amekonda. Alifurahi kuniona, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimekula. Nilikaa. Simu ilikuwa mfukoni, nami nikaingoja. Ilipofika saa tatu niliitoa kuangalia kama ina mtandao. Ilikuwa nao. Saa nne nilitoka mpaka mlangoni, nikaangalia tena, nikarudi. Baba alikuwa ananisimulia habari za jirani aliyepanda miti mpakani, nami naitikia "ndiyo, ndiyo," huku najiuliza kama orodha ya leo ilitoka. Lazima kuna kibanda kilichofungwa. Lazima kuna mama aliyejibu ovyo. Nilihisi vibaya, na nitasema ilivyo: niliogopa kwamba kumeharibika, na niliogopa zaidi kwamba hakujaharibika.

Saa sita nilishindwa. Mimi mwenyewe nikampigia mwenzangu, pale pale kitini.

"Boss! Kuna shida?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu. Orodha imetoka?"

"Ilitoka kitambo. Kuna kibanda moja imefungwa huku juu, yule mama mhudumu akakuja akanionyesha, nikabadilisha kwa jedwali. Dakika mbili hivi."

"Ulipima wale sitini?"

"Nilipima. Wote sawa."

"Na ule mstari wa wenye mfereji..."

"Boss," akanikatiza, kwa sauti ya chini, bila mzaha. "Mzee anaendelea aje?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amenyamaza ili nisikie simu yangu vizuri, mikono ameiweka juu ya blanketi. Nilikuwa nimekaa hapo saa nne nzima, na swali hilo sikuwa nimemuuliza.

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja nimuulize."