Nati za Siku ya Posa

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, tulipotoka Kibeta kwenda Muleba kupeleka posa kwa wazazi wa mama yenu. Watu husema sisi Wahaya tunapenda sifa. Mimi siku ile sikuwasaidia wanaotutetea.

Siku mbili kabla, nilikuwa nimenunua spesa, vile visahani vinavyowekwa nyuma ya tairi ili lichomoze nje, gari lionekane pana. Nilichagua za bei ya chini kuliko zote, nikitaka wakwe waione pikapu ya baba imejitanua uani kwao. Fundi alinionya kwamba nati sasa zinashika ncha tu ya bolti. "Ukitembea kidogo, simama ukaze tena," akasema. Nikaitikia.

Nyuma walikaa baba na wazee watatu pamoja na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mbele nilikaa na shangazi, mimi nikiendesha. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na koti jipya, na kila nilipokumbuka nati niliitazama ile kanzu, nikaendelea.

Tulipoanza kuteremka mlima, gari likatikisika na kitu kikawa kinagonga upande wa nyuma. Baba akapiga paa kwa kiganja.

"Ni barabara tu," nikasema.

"Barabara hii naipita tangu hujazaliwa," shangazi akajibu. "Haijawahi kugonga hivyo."

Niliogopa, mwanangu, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikaongeza sauti ya redio. Baba akapiga paa tena, safari hii kwa fimbo, na hakuacha mpaka nikasimama.

Kati ya nati sita za tairi la nyuma zilibaki mbili, nazo zilizunguka kwa vidole. Mbele yetu palikuwa na kona, na chini ya kona korongo. Mzee mmoja alikuwa bado anacheka huko juu, hajui lolote. Nikatoa spana chini ya kiti.

Nilipotaka kupiga magoti, baba alinishika bega. "Wewe ndiye bwana harusi. Mimi nikichafuka, wameshanizoea." Akapiga magoti vumbini na kanzu yake, akang'oa spesa zote, akaazima nati kwenye matairi mengine. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tulipofika, mkwe aliiona kanzu ya baba imejaa vumbi magotini, akauliza kulikoni. "Tulisimama kukaza nati," baba akajibu, akaketi. Upana wa gari hakuna aliyeutazama.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi ningevunja miguu ya wazee wangu. Kwa hiyo, mwanangu, kitu kinachobeba watu usikipambe kwa cha bei ya kutupa, na ukisikia kinagonga, simama, hata kama umevaa nguo ya harusi. Mungu akulinde njiani, na kila anayepanda gari lako ashuke kwa miguu yake mwenyewe.