Debe la Mafuta kutoka Zongwe

Mwaka wa 1977 sabuni ilikosekana Kalemie nzima, na Mama Adrienne akawa anaitengeneza mwenyewe kwake mtaa wa Lubuye. Alinunua mafuta ya wanyama wa pori, akayakatakata, akayayeyusha taratibu kwa maji kidogo mpaka vipande vikauke. Yaliyo safi alikaangia mikate. Ya chini, yenye weusi, aliyachemsha na maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yakawa sabuni.

Siku moja Célestin, mchuuzi wa samaki kutoka Zongwe, alimletea debe zima.

"Njo mafuta ya kiboko haya, Mama."

Mafuta yalikuwa yameshakatwa, hayana hata kipande cha ngozi. Alipoyatia motoni, harufu ya samaki ikajaa uani. Kiboko anakula majani; anayenuka samaki ni mamba. Adrienne akaepua sufuria.

Mwezi uliopita mamba alimchukua Edmond, mume wa jirani yake Marthe, alipokuwa akitega nyavu mto Lukuga. Mwili haukuonekana. Na juzi tu, sokoni, walisema kuna mamba mkubwa ameuawa pande za Zongwe.

Célestin alipopita tena, Adrienne alimwekea mikate miwili aliyoikaanga kwa mafuta yale.

"Karibu, Papa. Kula."

Célestin akanusa, akasukuma sahani. "Kiboko ni mwiko kwetu, Mama."

"Unauza usichokula?"

"Nauza."

Adrienne hakumwamini; aliona ni mafuta ya mamba aliyemla Edmond. Alificha sufuria nyuma ya kuni, akaanza kumkwepa Marthe. Siku ya tatu Marthe akaja mwenyewe.

"Nataka kufua mashati ya Edmond kabla ya kuondoa matanga. Unaninyima sabuni?"

"Sina."

"Harufu ya mafuta naisikia mpaka kwangu. Nimekukosea nini?"

Adrienne akashindwa kuvumilia, akamweleza yote. Marthe alikaa chini. Kisha akafunga kitenge vizuri. "Twende."

Walimkuta Célestin ufukweni, anapakia pirogi, mtumbwi wake.

"Papa," Marthe akasema, "yale mafuta ni ya munyama gani? Niambie kama ungemuambia dada yako."

Célestin alimtazama, akamgeukia Adrienne, akaelewa. Alivuta kutoka ndani ya pirogi ngozi ya kijivu isiyo na magamba, nene kama kiganja.

"Hii njo ngozi yake. Debe nilikuwa nabebea ndagala, harufu ni ya samaki wale wadogo. Mama Adrienne, ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza."

"Hapana. Ulinitega na mikate."

Adrienne aliomba msamaha palepale, na Célestin akampa mkono. Jioni ile sabuni ikachemshwa. Ilipokauka, Marthe alipewa vipande vinne, akafua mashati yote.

Lakini kiboko aliyefuata, mafuta yake yalipelekwa kwa mama mwingine, upande wa Kataki. Adrienne akabaki na mafuta ya mawese. Kila Célestin alipopita Lubuye alimsalimia vizuri, kwa heshima, bila kusimama.