Tope Lililomo Ndani ya Saa ya Kaka

(Msomaji wetu huyu anakaa Temeke. Jina lake tumelificha kwa ombi lake, na majina mengine yamebadilishwa.)

Bwana Mhariri, mie ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, ila kwa sasa nimerudi kwa wazazi wangu kumtunza mama. Baba amefariki juzi juzi na mama yuko ndani ya eda. Mama hajui kusoma. Gazeti lako mie ndiye ninayemsomea, kwa hiyo ukurasa huu nitauruka. Ndiyo maana nimethubutu kuandika.

Kwetu tulizaliwa wawili tu, mie na kaka yangu Rashidi. Babu alimrithisha baba saa ya mfukoni, ya mnyororo, na baba akampa kaka siku alipoondoka kwenda vita vya Burma. Kaka hakurudi. Tuliletewa habari kwamba amefariki, basi; wapi na kwa namna gani, hatukuambiwa. Vita vilipokwisha, wakati wa masika, akaja rafiki yake wa kikosi kimoja, Athumani, ametuletea saa. Imesimama, kioo kimepasuka, na ndani ya kioo tope limekauka, limefunika nusu ya uso wake.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akalitazama lile tope, akaibusu saa, akasema, "Huu ni udongo wa alipolala mwanangu." Kisha akaangua kilio.

Tangu siku ile, saa ndiyo kaburi la kaka. Tukisoma hitima huwekwa mkekani karibu na chetezo. Idi watu wakienda makaburini kuzuru ndugu zao, mama hubaki chumbani ameipakata, anazungumza nayo kwa sauti ya chini. Baba hakuwahi kumkataza.

Lakini alipozidiwa na ugonjwa, baba aliniita mie na mdogo wake. Akasema, "Miaka yote nimemwachia mama yako. Nikifa, saa ya baba yangu itengenezwe, ipewe mjukuu wangu. Sitaki ionekane ilifia mikononi mwangu." Mjukuu huyo ni mwanangu wa kwanza. Tuliitikia, na baba akatutoka.

Baada ya msiba, baba mdogo alimwomba mama saa tukaulize tu kama inatengenezeka. Mama akaitoa kwa shingo upande. Tukaenda Kariakoo kwa fundi saa. Akaifungua kidogo, akasema itatembea vizuri, ila lazima atoe kila kitu kilichomo ndani na kukiosha kwa petroli.

Nikamuuliza, "Na hilo tope?"

"Tope ndiyo ugonjwa wenyewe, mama."

Tulirudi nayo nyumbani vilevile. Mama aliposikia habari ya petroli aliivuta saa kifuani, kisha akamwambia baba mdogo, "Shemeji, kaburi la kaka yako mmelifukia vizuri, mmelimwagia maji, mmelisomea. La mwanangu ndiyo mnataka kuliosha na petroli?"

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Hata hivyo akasema wasia ni wasia, na arobaini isifike kabla haujatimizwa. Mie nikajaribu kupatanisha, nikamwambia mama tope tulikwangue, tulihifadhi kwenye kijaluba. Akanitazama kama hanijui. "Wewe unaweza kumfukua kaka yako?"

Mambo yangeishia hapo, Bwana Mhariri, shida yangu ingekuwa ndogo. Lakini wiki iliyopita Athumani alikuja kutupa pole. Nilimsindikiza hadi njia kubwa, na njiani nikamweleza ugomvi uliopo ndani. Akasimama.

"Dada, lile tope si la Burma," akasema. "Ni la hapa hapa Temeke. Mara ya kwanza nilipokuja kuwatafuta sikuijua nyumba, mvua inanyesha, nikateleza nikaanguka na saa mkononi. Kioo kikapasuka. Nikarudi Keko kwa shangazi. Nilipokuja tena, lilikuwa limekwishakauka."

"Na kaka amezikwa wapi?"

"Hakuzikwa. Alifia melini tukirudi, kwa homa. Walimfunga kwenye turubai wakamtosa baharini. Nilikuwapo."

Nilimuuliza kwa hasira mbona hakusema siku ile. Akajibu, "Nilifungua mdomo niseme. Mama akawa ameshaibusu."

Nilikaa chini pale pale pembeni ya njia, nikalia mpaka wapita njia wakadhani nimefiwa siku hiyo. Niliporudi, mama aliniuliza, "Athumani kasemaje?" Nikajibu anamwombea afya. Akatabasamu, akasema kijana yule ni mwema, alimletea mwanawe. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: siku yake ikifika, saa iwekwe kaburini ubavuni mwake, alale na Rashidi.

Nimemweleza mume wangu peke yake. Yeye anasema nimwambie mama ukweli, saa itengenezwe na baba apumzike. Ni rahisi kwake kusema, hajamwona mama akiipangusa kwa upindo wa kanga. Nikisema, wasia wa baba utatimia, lakini mama atabaki bila hata punje ya mchanga wa kumlilia mwanawe. Nikinyamaza, nitakuwa nimekiuka neno la mwisho la baba yangu, nami nitaketi mkekani kila hitima nikijua ninachokijua. Tayari siku hizi ubani ukifukizwa nashindwa kuitazama.

Ijumaa hii baba mdogo anakuja kuichukua. Wasomaji wenzangu nawaomba ushauri, lakini zaidi nawauliza akina mama mliofiwa na watoto wenu mbali, ambao hamkuuona mwili wala shimo. Ningekuwa binti yako, ungetaka nikwambie?